Kuhara damu kwa vifaranga: shubiri na mwarobaini vinatibu kweli, au tunajifariji?

Mama Naima, Chanika

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo yenu, hasa mnaolea chotara.

Nina vifaranga 150 wa Sasso, wameingia wiki ya nne. Mpaka juzi walikuwa wachangamfu, chanjo za magonjwa ya kideri na gumboro wamepata kwa wakati. Jana asubuhi nakuta wawili wamekufa, wengine wamejikunyata kwenye kona, mbawa zimelegea, na juu ya maranda kuna kinyesi chenye damu. Leo wamekufa watano wengine. Huku mvua haijakatika wiki nzima, na banda linavuja upande mmoja, nimeziba kwa turubai.

Kitu kingine, chakula nilikuwa nanunua cha kiwandani. Wiki iliyopita nikaanza kuchanganya mwenyewe, maana bei imepanda.

Jirani ana mshubiri mkubwa uani kwake. Ananiambia nikate jani, nitwange na majani ya mwarobaini, nichuje, niwape badala ya maji, ndani ya siku tatu damu inakata. Kwenye grupu letu la WhatsApp karibu wote wanasema hivyohivyo, wapo na wanaoongeza kitunguu saumu na pilipili kichaa. Duka la dawa za mifugo liko mbali kidogo, na hela yenyewe ni ya kuungaunga.

Swali langu: nianze na shubiri nione inakwendaje, au nikanunue dawa moja kwa moja? Kuna aliyewahi kuwapa vyote viwili kwa pamoja?

Kroila Boy

Pole dada. Mimi ni mtu wa shubiri tangu nianze kufuga na sijawahi kujuta. Jani moja nene kwa lita tano, unakatakata, unaloweka usiku kucha, asubuhi unawapa. Siku ya tatu damu imekata, siku ya nne wanagombania chakula. Za dukani ni kemikali tupu, mwisho wa siku unamlisha mteja sumu. Watakuja wasomi hapa kukukatisha tamaa, we wasikilize tu halafu fanya yako 😂

Hadubini Moro

Mama Naima, pole sana. Nianze na jibu maana vifaranga hawasubiri: kesho duka likifungua tuma mtu akanunue dawa ya kuhara damu inayoitwa amprolium. Shubiri iacheni uani kwa jirani.

Mimi ni mstaafu wa maabara ya mifugo. Kazi yangu ilikuwa kutazama kinyesi kwenye hadubini, kazi isiyo na sifa mtaani, lakini ukiifanya muda mrefu unaona mambo. Na mimea siidharau, nimeiotesha hapa nyumbani na kuku wangu wanaila. Ila hizo siku tatu za Kroila Boy lazima nizizungumzie, kwa sababu ndizo zinazowapoteza wengi.

Anayeleta kuhara damu ni kijidudu cha seli moja, Eimeria. Kwa kuku kwa miaka mingi zimetambulika aina 7, na ile inayomwaga damu kuliko zote, Eimeria tenella, hukaa kwenye ile mifuko miwili pofu iliyo karibu na mwisho wa utumbo. Kifaranga anadonoa maranda, anameza mayai ya kijidudu, yanayoitwa oosisti. Yakifika tumboni yanafunguka, vijidudu vinaingia kwenye seli za ukuta wa utumbo, vinazaliana, vinazipasua, vinahamia seli nyingine. Kizazi cha pili huchimba chini zaidi na kupasua mishipa. Hapo ni siku ya nne au ya tano tangu kifaranga ameze, ndipo unapoiona damu. Vifo vingi huja siku ya tano na ya sita. Ikifika ya saba kijidudu kimemaliza mzunguko wake, kinatoka nje na kinyesi kikiwa oosisti mpya, na kifaranga aliyebaki hai anaanza kupata nafuu bila kupewa kitu.

Sasa tupige hesabu. Umeona damu siku ya tano. Umetwanga shubiri. Siku ya nane damu hakuna. Nani ameikata? Wangekunywa maji matupu ya kisima ingekata siku hiyohiyo, na wa kufa wangekuwa wameshakufa. Ndiyo maana karibu kila mti nchi hii una mtu anayeapa kwamba unatibu kuhara damu. Hawadanganyi, kweli damu ilikata.

Mtaniuliza, basi na dawa ya nini? Kwa sababu vifaranga wako, mama, hawakumeza siku moja. Wanaohara leo ni wachache. Wengine wamemeza jana, wengine wamemeza leo saa nne asubuhi kwenye hayo maranda yaliyoloa. Amprolium inakikamata kijidudu kikiwa kwenye kizazi cha mwanzo: imefanana na vitamini B1, kijidudu kinaichukua kikidhani ni chakula, kinakwama. Kwa hiyo unayemnunulia dawa hasa ni yule ambaye bado anarukaruka. Anayevuja damu sasa hivi unamwombea Mungu na kumtenga pahali pa joto.

Vyote viwili kwa pamoja usiwape. Ule utomvu wa njano unaochuruzika ukikata jani la shubiri una aloini, nayo inaharisha. Wazee wetu waliitumia kwa kazi hiyohiyo ya kufungua tumbo. Kifaranga ambaye utumbo wake umechubuka unamwongezea uharo wa nini? Mwarobaini nao ni mchungu, wakiuonja wanapunguza kunywa, na dawa yako imo humohumo kwenye maji. Wasipokunywa maji hawajapata dawa.

Maji yenye dawa yawe ndiyo maji pekee bandani. Pima kama lebo inavyosema, usikisie kwa kiganja. Siku za dawa usichanganye na vitamini zenye B1, utakuwa unakilisha kijidudu kile ulichokinyima. Ukimaliza dawa ndipo uwape vitamini, hasa zenye A na K.

Na kesho hiyohiyo toa maranda yote yaliyoganda au kuloa, hasa kuzunguka drinka (vyombo vya maji) na upande unaovuja. Oosisti ikitoka tumboni bado haina nguvu ya kuambukiza. Inahitaji unyevu, hewa na joto, na kwa joto la Dar siku moja au mbili zinatosha. Dawa nyingi za kunyunyizia bandani haziiui, ganda lake ni gumu. Inachukia ukavu. Inua drinka zifike usawa wa mgongo wa kifaranga, wasimwage maji.

Halafu hicho chakula. Mifuko mingi ya chakula cha vifaranga cha kiwandani huwa na kinga ya koksi, yaani huku kuhara damu, ndani, soma lebo utaiona. Umeiondoa kinga wiki ya tatu, mvua ikaingia, banda likavuja. Sishangai hata kidogo.

Kroila Boy

Shikamoo mzee. Nimekusoma mpaka mwisho, lakini sijakubali. Ina maana babu zetu waliofuga bila duka la dawa walikuwa wajinga?

Hadubini Moro

Marahaba mwanangu. Babu yako hakufungia kuku 150 chumba kimoja. Alikuwa na mitetea yake sita saba, inashinda porini, inalala juu ya mti au kwenye tundu. Vifaranga vyake vilimeza oosisti chache chache kila siku, na kuku aliyemeza kidogo anajijengea kinga ya aina ile aliyoimeza. Mahali pakiwa pakavu na kuku wachache, koksi haipati nafasi.

Na hapo ndipo mimea inapopata kazi ya kweli: kupunguza idadi ya vijidudu KABLA, wakati kifaranga anajenga kinga yake. Tuzungumze basi kwa vitu vilivyopimwa.

Artemisia, ile Artemisia annua wakulima wa Kenya na Tanzania waliyoilima kwa mkataba kwa ajili ya dawa ya mseto ya malaria. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuku waliolishwa majani yake makavu, asilimia 5 ya chakula, kwa wiki tatu. Vidonda vya Eimeria tenella vilipungua waziwazi. Eimeria acervulina na Eimeria maxima hazikutikisika. Soma tena sentensi hiyo. Mmea mmoja, kuku walewale, aina moja ya kijidudu inaguswa na mbili zinapeta. Mtu akikuambia jani lake linatibu koksi, muulize koksi ipi.

Asilimia 5 nayo ipigie mahesabu kabla hujafurahi. Mfuko wa kilo 50 unataka kilo 2.5 za majani MAKAVU. Usiotesha mmea mmoja kwenye ndoo ukasema umekinga banda.

Wanaochemsha artemisia na kuiweka kwenye drinka, mnapoteza kuni. Artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na moto unaiharibu. Mama Tu Youyou wa China, yule wa Tuzo ya Nobel ya 2015, kilichomfungulia njia miaka ya 1970 ni kuacha kuchemsha na kuitoa kwa etha, kiyeyushi cha maabara, kwenye joto la chini. Sisi wa mtaani etha hatuna. Tukaushe kivulini, tusage, tuchekeche, tuchanganye kwenye chakula.

Kitunguu saumu: kile kikali kinachofanya kazi, alisini, hakimo kwenye punje nzima. Kinatengenezwa ukiiponda. Ukiitupa nzima kwenye maji ya moto umekizuia kisizaliwe. Ponda, acha dakika kumi, ndipo uchanganye. Kwenye maabara kinazuia oosisti zisikomae. Ndani ya kuku matokeo yamekuwa ya kupanda na kushuka.

Ambao haupewi heshima ni kishonanguo. Huu huu unaonasa kwenye suruali shambani. Watafiti wa Taiwan wameufuatilia sana, Bidens pilosa, wakiweka kiasi kidogo cha unga wake kwenye chakula, na vidonda na oosisti vikapungua. Sisi tunaung'oa na kuuchoma.

Pilipili kichaa kwa kifaranga anayevuja damu sitaki hata kuijadili.

Dada wa Songea

Mzee shikamoo, umeongea vizuri. Naomba niingie na la kwangu kwa sababu naona watu wanaweka dawa zote kwenye sufuria moja. Huku kwetu utupa ndio mmea wa kuku, lakini ni wa NJE ya kuku. Utitiri, chawa, viroboto. Usimnyweshe kuku utupa, una rotenoni, ndiyo hiyohiyo watu wanayomwaga mtoni samaki wakaelea.

Tunakausha majani, tunatwanga, tunanyunyiza kwenye viota na kwenye nyufa za vichanja jioni. Jioni kwa sababu wale utitiri wekundu mchana hawako juu ya kuku, wamejificha kwenye mbao. Wanatoka usiku. Mtu anamshika kuku saa sita mchana, anamfunua manyoya, hakuna kitu, anasema banda langu safi. Njoo usiku na tochi, shika karatasi nyeupe chini ya kichanja, gonga mbao. Likidondoka vumbi linalotembea, unao. Walionyonya wanakuwa wekundu, ukiwabonyeza karatasi inapata madoa.

Jua linaivunja nguvu utupa haraka, kwa hiyo rudia. Osha mikono. Na maji ya kuoshea vyombo yasiende kwenye bwawa, mama mdogo wangu ana perege na tumeshagombana sana juu ya hilo.

Vile viroboto vinavyong'ang'ania usoni na kwenye upanga vikichimbia kichwa, utupa hautoshi. Paka mafuta ya mgando pale pale vilipo, vinakosa hewa, baada ya hapo safisha vumbi la sakafuni maana vinazaliana humo.

Hadubini Moro

Asante mwanangu, hapo huna wa kukusahihisha. Ongezea papasi: ukiwaona kwenye nyufa za udongo, choma nyufa kwa moto na kandika upya. Papasi anavumilia njaa muda mrefu sana, kuhamisha kuku tu hakumsumbui.

Mfugaji wa Ifunda

Na minyoo je? Mbegu za papai nasikia zinatosha, sina haja ya dawa ya piperazini.

Hadubini Moro

Papai si porojo. Utomvu wake una papaini, kimeng'enya kinachoyeyusha protini, na kinaweza kula ngozi ya mnyoo mviringo. Mbegu zina kitu kingine kikali. Tatizo ni kipimo: papai hili na lile hazilingani, bichi na lililoiva hazilingani. Mimi huwapa mbegu zilizokaushwa na kusagwa kati ya dawa moja na nyingine, dawa siiachi. Piperazini yenyewe kumbuka ni ya wale minyoo wakubwa mviringo tu, Ascaridia. Ukiona vipande vyeupe bapa vinajongea kwenye kinyesi kibichi, hiyo ni tegu, piperazini haiigusi, na kuku ataipata tena kwa kula sisimizi na mbawakawa. Peleka kinyesi maabara kabla ya kununua chochote. Kinyesi fresh cha asubuhi, cha kuku kadhaa, kwenye mfuko wa plastiki, kisikae juani.

Mama Naima, Chanika

Wakuu nimerudi. Dawa nimepata, wanainywa tangu jana. Maranda ya upande unaovuja nimetoa yote, kijana amepandisha drinka kwa matofali. Leo wamekufa watatu, wote ni wale niliokuwa nimeshawatenga.

Mzee, nimefanya kitu. Mmoja aliyekufa alfajiri nimemfungua kwa mkasi nikiwa nimevaa mifuko ya plastiki mikononi, maana nilitaka kujua kama ni koksi kweli au ni kitu kingine. Pale mwisho wa utumbo kuna mifuko miwili imevimba, myeusi mwekundu, imejaa kama soseji. Nimetoboa mmoja, ndani ni damu, nyingine mbichi nyingine imeganda. Utumbo mwingine wote wa juu naona uko kawaida. Ndiyo hiyo?

Hadubini Moro

Ndiyo hiyo, tenella. Kama umesoma mpaka form four na hukwenda kwenye udaktari wa mifugo, serikali imekosa mtu.

Kwa faida ya wengine: mifuko ile kwa kifaranga mzima ina uji wa kahawia na kuta zake laini. Ukikuta damu ni tenella. Ukikuta mistari myeupe imekata utumbo wa mwanzo, karibu na firigisi, hiyo ni acervulina. Ukikuta utumbo wa kati umefura una vidoti vyeupe na vyekundu, hiyo ni necatrix, huja zaidi kwa kuku waliokua kidogo. Na ukikuta ini limekuwa la rangi ya shaba au kuna damu kwenye tezi za tumbo la juu kabla ya firigisi, acha kusoma uzi huu, mpigie daktari wa mifugo, hiyo si koksi. Hiyo damu ya kwenye tezi inaweza kuwa kideri, na kideri hakina jani. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shubiri ya kwetu, Aloe secundiflora, ilijaribiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 dhidi ya kideri, na nafuu iliyoonekana ilikuwa kwa kuku waliopewa kabla ya kuambukizwa. Ya kinga tunayo chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila miezi mitatu.

Uliyemfungua mfukie chini au mchome, usimtupe jalalani, mbwa na kunguru watakurudishia.

Kundi lijalo ndipo uanze na majani. Wiki ya pili, kabla hujaona kitu, kwenye chakula. Na ukichanganya chakula mwenyewe uliza dukani kinga ya koksi ya kuchanganya humo, majani yawe ya kusaidia.

Kroila Boy

Mzee bado nina ubishi wangu, ila nataka niumalize kisayansi. Mwezi ujao naingiza 200. Nusu nawapa artemisia asilimia 5, nusu nawapa chakula kitupu. Kisha nakuja hapa na majibu, yakiwa mabaya au mazuri.

Hadubini Moro

Hapo umesema. Basi fanya iwe ya maana. Wagawe kwa kura, usichague wachangamfu ukawaweka upande wa majani, mkono unajua unachokitaka. Ukuta kati yao ufike chini kabisa, maranda yasivuke. Drinka zao, ndoo zao na viatu vyao viwe tofauti, na asubuhi uanze kuhudumia upande mmoja leo, mwingine kesho. Wapime uzito wote wiki ya tatu na ya sita, kufa peke yake hakutoshi kukuambia kitu. Na amprolium iwe ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza, damu ikionekana upande wowote jaribio limekwisha, unatibu wote.

Kroila Boy

Viatu pia?

Hadubini Moro

Viatu kwanza.